Mbuzi Anenepa, Mtoto Akonda

Mbuzi alishushwa kutoka juu ya basi akiwa ndani ya gunia, kichwa peke yake kikiwa nje. Mume wangu Thoya alimpokea kwa utingo, akamweka kando ya barabara, akafungua kamba. Mbuzi hakusimama. Alibaki vile vile alivyowekwa, miguu imekunjwa, akilitazama vumbi la basi.

"Ni wa maziwa huyu," Thoya akaniambia. "Usimwone hivyo. Thuku alikuwa akimfuga nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Sasa amerudi kwao bara, akaniachia. Ni wa mtoto."

Thoya alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya Kikambala, na huyo Thuku alikuwa mkata nyasi hapo hapo. Mimi nilikaa kwa wazazi wa Thoya, upande wa Vitengeni, pamoja na mtoto wetu Kadii. Ulikuwa mwaka wa themanini na nne, ambao kwetu waitwa mwaka wa mahindi ya manjano, kwa sababu mvua ilikataa na tukaletewa mahindi ya msaada ya rangi ambayo hatukuwa tumeizoea. Tulikula hayo asubuhi na jioni. Mtoto naye alikula hayo hayo.

Kadii alikuwa na mwaka na miezi minane. Maziwa yangu yalikauka mapema, na miezi miwili baadaye miguu yake ikaanza kuvimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo labaki. Nywele zake zikawa za rangi ya makumbi ya nazi. Lakini kilichonitia hofu zaidi ni kwamba hakulia. Ukimweka kwenye mkeka asubuhi, mchana wamkuta pale pale, hajadai kitu.

Nilimpeleka zahanati. Nesi alimpima, akamgeuza, akaniambia ni kukosa chakula cha kujenga mwili. Apate maharagwe, mayai, maziwa. Nikamuuliza nitayatoa wapi. Hakunijibu hilo, ila aliniambia jambo jingine ambalo nilikwenda nalo nyumbani nikilirudia njia nzima ili nisilisahau. Alisema, "Akianza kupata maziwa, mama, atapungua. Usishtuke. Uvimbe huu ni maji tu. Maji yakitoka utamwona alivyo kweli, na atakuwa mbaya kumtazama. Endelea kumpa. Baada ya hapo ndipo ataanza kujenga."

Nilimwandikia Thoya barua, nikamweleza. Majibu ya barua ndiyo huyo mbuzi.

Tulimfikisha nyumbani Thoya akiwa amembeba mabegani kama mtu abebaye kuni. Bavyaa, yaani baba yake Thoya, mzee Masha, alitoka akamshika ngozi ya shingo, akaivuta, akaiachia. Ngozi haikurudi upesi.

"Huyu hata fisi atamwonea haya," akasema.

Kahindi, shemeji yangu, akacheka. "Kaka, wametoa nyama kule hotelini wakakupa mkoba wake."

"Cheka," Thoya akamwambia. "Akianza kutoa maziwa utakuja na kikombe."

"Nitakuja na kijiko. Kikombe ni matusi kwake."

Mavyaa hakucheka. Mama yake Thoya, jina lake Kavumbi, hakuwa mtu wa kumcheka mnyama mgonjwa. Alikwenda jikoni akarudi na machicha ya nazi katika kifuu, yale aliyokuwa akiwawekea kuku, akamwekea mbuzi puani. Mbuzi akanusa. Akala kidogo, akapumzika kana kwamba kula ni kazi ya jembe, kisha akala tena.

"Haya, muingizeni zizini na wenzake," bavyaa akasema.

"Ni wa mama Kadii, baba," Thoya akasema.

"Nimesikia. Na mama Kadii ni wa nani?"

Wakacheka wote, hata mimi nilicheka. Ilikuwa mzaha. Mifugo yote ya nyumba ile ilikuwa ya bavyaa, ya kununuliwa, ya kuzaliwa na ya kuletwa, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Jumatatu Thoya akarudi kazini.

Sikujua kufuga mbuzi wa aina ile. Mbuzi wetu huenda wenyewe porini, wakapanda hata miti, wakarudi jioni. Huyu mweupe alisimama mahali pamoja akingoja kuletewa. Nikamwendea Kasiva. Kasiva ni Mkamba, mumewe aendesha lori la Mariakani, naye alikuwa na duka dogo pale penye kituo cha basi. Kwao walifuga mbuzi. Alikuja na leso yake kiunoni, akamkamata mbuzi kichwa, akavuta ukope wa chini kwa kidole gumba.

"Kuja uone hapa," akasema. "Unaona rangi gani?"

"Nyeupe."

"Nyeupe kama nini?"

"Kama nazi."

"Basi iko na minyoo imekunywa damu yote. Hii ukope, dada yangu, ndio barua yake. Ikiwa nyekundu, mbuzi imepona. Kila asubuhi angalia hapo kabla hujaangalia kitu kingine."

Alinipa dawa ya minyoo iliyokuwa imembakia chupani. Akanionyesha namna ya kumnywesha, kichwa juu kidogo, chupa pembeni mwa mdomo, polepole asipaliwe. Akaniambia nimtoe zizini, asilale juu ya kinyesi cha wenzake. Nikakata miti, nikamtengenezea ulingo mdogo nyuma ya jiko, umeinuka kiasi cha magoti. Kupe niliwatoa mmoja mmoja kwa vidole nikiwatia kwenye kopo la mafuta ya taa. Masikioni walikuwa wamepangana kama shanga. Kwato zake zilikuwa ndefu zimepinda mbele, nikazikata kwa kisu cha mavyaa, yeye mwenyewe mavyaa akimshika.

Lakini bado hakunywa maji. Siku tatu nilimwangalia. Nampa maji ya kisima chetu, aingiza mdomo, atoa, atikisa kichwa. Kisima chetu ni cha chumvi, sisi tumezaliwa nayo chumvi ile hatuisikii. Nikakumbuka kwamba Thuku alikuwa akimpa maji ya bomba la hoteli. Basi kila baada ya siku moja nikawa naenda kwenye bomba la kituoni, mwendo wa karibu saa nzima, narudi na debe kichwani, Kadii mgongoni. Siku ya kwanza aliyopata maji yale mbuzi alikunywa mpaka nikaogopa.

"Mke wa Thoya amtekea mbuzi maji matamu," Kahindi akasema, "sisi tunywe chumvi."

"Wewe una maziwa?" nikamuuliza.

"Bado nangojea kuzaa."

Jambo gumu lilikuwa kukamua. Kiwele chake kilikuwa kama mfuko mtupu, lakini bado alikuwa na maziwa kidogo, kijiko cha kula kimoja na nusu. Kasiva aliniambia nimwache wiki mbili, kila anachokula kibaki kwake. Kisha akasema pia kwamba nikimwacha kabisa atakauka, na akikauka hakuna maziwa tena mpaka azae. Nikamuuliza nifanye lipi. Akatazama miguu ya Kadii. Akasema, "Mimi sijui, dada."

Basi nilimkamua kidogo kila asubuhi, nikajua nachukua kwa mgonjwa mmoja nampa mgonjwa mwingine. Siku nyingine mkono wangu ulikuwa kwenye chuchu na macho yangu kwenye mbavu zake, nikazihesabu, nikaacha kabla maziwa hayajaisha. Siku nyingine niliyamaliza yote. Sikuwa na kanuni. Kadii alikunywa kijiko kile na nusu, akafunga macho.

Mchana nilitafuta chakula cha mbuzi. Nyasi hazikuwepo. Nilikata majani ya mkwaju na ya mkunazi, nikaanika maganda ya mhogo juani siku mbili uchungu utoke, mavyaa akaniachia machicha yote, kuku wakajitafutia. Nilimpa chumvi kidogo kwenye kiganja. Alikuwa akinilamba mkono muda mrefu baada ya chumvi kwisha.

Wiki ya tatu ukope ulikuwa na rangi kidogo kando. Wiki ya tano ulikuwa kama ndani ya pera lililoanza kuiva. Maziwa yakafika kikombe, kisha kikombe asubuhi na kikombe jioni. Manyoya yalilala, yakang'aa. Mbuzi akaanza kunijua, nikipita na debe aita. Wiki ya saba bavyaa alisimama mbele ya ulingo akiwa na mswaki mdomoni, akamtazama mbuzi kwa muda.

"Kumbe ni mkubwa hivi," akasema.

Nami nilifurahi. Nilifurahi kama mjinga.

Wakati huo maji yalikuwa yameanza kumtoka Kadii. Alikojoa usiku na mchana, vitambaa havikauki. Uvimbe ukashuka kutoka usoni, kisha tumboni, mwisho miguuni. Na kilichobaki, nesi alisema kweli, kilikuwa kibaya kukitazama. Mtoto alikuwa na mikono kama ufito. Matako yalikunjana kama ya bibi kizee. Uso ambao tuliuzoea ukiwa mviringo ukawa macho na meno. Lakini mimi niliona mambo mengine. Niliona anafuata kijiko kwa macho. Niliona siku moja ameketi amemwangalia kuku, kuku akienda, naye kichwa chamfuata. Nikasema moyoni, haya ndiyo niliyoambiwa. Maji yametoka, sasa atajenga.

Mavyaa ndiye aliyekuwa akimwogesha jioni. Siku hiyo alimvua nguo, akamsimamisha kwenye beseni akimshika makwapa. Halafu akamfunga kwenye leso bila kumwogesha, akaja naye nyuma ya jiko nilipokuwa nakamua. Alimtazama mbuzi, akamtazama mtoto.

"Mama Kadii," akaniambia. "Mimi nimekaa nimenyamaza. Lakini ninalo jicho. Mbuzi anenepa, mtoto akonda."

"Mama, ni maji yaliyotoka. Nesi aliniambia."

"Alikuambia mtoto akipona atakuwa hivi?"

"Alisema kwanza atapungua, kisha..."

"Huyo nesi ana watoto wangapi?"

"Sijui, mama."

"Hana. Mimi nimeuliza." Akamfunika Kadii vizuri. "Miezi mitatu iliyopita mtoto huyu alikuwa na mwili. Mwili wa ugonjwa, sawa, lakini mwili. Sasa nimeshika mifupa. Mimi nimezaa saba, wanne wapo. Wale watatu nawakumbuka walivyokuwa mwishoni. Walikuwa hivi."

Alikuwa analia, na mavyaa hakuwa mtu wa kulia.

Kwetu kuna ugonjwa wa mtoto uitwao chirwa. Mtoto akivimba au akikauka, husemwa kwamba mama au baba ametoka nje ya nyumba yake, na jasho la huko alikokwenda limemgusa mtoto. Hakuna aliyelitamka neno hilo mbele yangu wiki ile. Lakini nilikuwa nikifika kisimani mazungumzo yanabadilika, yanakuwa ya mvua. Shangazi yake Thoya alikuja kutusalimu, akaniuliza ile njia ya bombani ninayokwenda kila mara, naenda na nani. Nikamwambia naenda na mtoto. Akasema, "Ehe," akanywa maji.

Mwishowe mavyaa ndiye aliyeliweka wazi, na aliliweka kwa upole. Alisema hataki kujua lililotendeka. Mimi ni mwanawe, na mume akiwa mbali mambo hutokea. Anachotaka ni mjukuu.

"Sijatoka, mama," nikasema.

"Sijakuuliza."

"Lakini nakwambia."

"Basi vizuri. Kama hujatoka dawa haitakudhuru."

Mganga aliyeitwa alikuwa mzee Menza, kutoka ng'ambo ya bonde. Hakuwa mtu wa vitisho. Alikuja na mkoba wake, akaketi, akaomba maji, akasifu usafi wa uwanja. Alimpakata Kadii muda mrefu, akampuliza masikioni, naye Kadii akamshika ndevu. Kisha akatikisa kibuyu chake, akasikiliza. Akasema ni chirwa, imekaa sana, lakini mtoto hajaenda, yuko njiani. Ahitaji kuoshwa pamoja na wazazi wake wote wawili. Na atahitaji mbuzi jike, mweupe, asiye na doa.

"Tunaye," bavyaa akasema, kabla mganga hajamaliza.

Nilikuwa nimeketi nyuma, karibu na mlango, mahali pangu. Nikasema, "Baba, mbuzi yule ndiye anayemlisha mtoto."

Halafu mzee Menza ndiye aliyenijibu. "Anamlisha nini, mwanangu?"

"Maziwa. Vikombe viwili kwa siku."

"Na tangu aanze kumlisha, mtoto ameongezeka?"

Nikaanza kueleza habari ya maji. Nilieleza vibaya. Maneno ya nesi niliyokuwa nimeyashika miezi yote yalinitoka vipande vipande, na nilipofika pale pa kusema atakuwa mbaya kumtazama kisha ndipo atakapopona, mimi mwenyewe nilisikia yanavyosikika. Kahindi akatazama chini. Hakunifanyia mzaha, na hilo lilikuwa baya kuliko mzaha.

"Basi na awe mbuzi mwingine," nikasema. "Kuna yule mwekundu."

"Mwekundu ana mimba," bavyaa akasema. "Na wawili waliobaki ni madume. Kiangazi kimenimaliza, wewe wajua. Na mganga amesema mweupe."

"Mke wa Thoya," mavyaa akaniambia, si kwa ukali. "Kama huna neno moyoni, unamlilia mbuzi ya nini?"

Hapo nikaona nilipofika. Nikikataa, nimekubali kwamba nilitoka. Nikinyamaza, mbuzi amekwenda. Nikanyamaza.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa Kasiva. Alinisikiliza akipima sukari, akasema atanipa jike lake moja tubadilishane, lake si la maziwa lakini ni zima. "Ila langu ni la kahawia," akasema. "Hiyo mganga yenu itakubali?" Nilirudi nikamuuliza mavyaa. Akanitazama kama mtu aliyeona dawa ya mtoto ikimwagwa. Nikaandika barua kwa Thoya, kurasa mbili, nikampa utingo wa basi la asubuhi aifikishe kwa mkono. Niliandika yote. Mpaka rangi ya ukope niliandika. Nikamwambia, wewe ndiye uliyemleta, wewe ukisema hapana baba yako atasikia.

Thoya alikuja Jumamosi. Alishuka basi, akaniona na Kadii mgongoni, akamfunua kidogo leso amwone, akaifunika tena. Nyumbani nilimpeleka moja kwa moja nyuma ya jiko.

"Ndiye huyu?" akasema. Akamzunguka mbuzi, akampapasa mgongo. "Thuku angemwona huyu." Alikuwa akitabasamu kweli. Nikamvutia ukope aone wekundu wake, nikamweleza kuhusu maji ya bomba, maganda ya mhogo, kila kitu. Alikuwa akiitikia. Nikafikiri, amesoma barua yangu, ameelewa.

Kisha baba yake akamwita ndani. Mimi nilibaki nje napepeta, na ukuta wa udongo si ukuta. Nilimsikia bavyaa akieleza. Nilimsikia akisema, "Wazazi wote wawili waoshwe, maana hatujui ni nani." Nikangoja Thoya aseme neno. Namjua Thoya. Ni mtu wa kubishana, hata bei ya chumvi hubishana, hata na baba yake, kwa heshima lakini hubishana mpaka kuchwa. Nilingoja.

"Sawa, baba," akasema. "Fanyeni."

Upesi hivyo. Hata bavyaa aliguna, kama mtu aliyesukuma mlango akakuta haukufungwa.

Nilimfuata Thoya alipotoka kwenda kuoga. "Hukusoma barua?" nikamuuliza.

"Nimesoma."

"Basi wajua mtoto anaishi kwa nini."

"Tufanye tu, mama Kadii. Yaishe."

"Yapi yaishe?"

Aliweka ndoo chini, akaanza kukwangua tope lililokauka kwenye soli ya kiatu chake kwa kijiti. Wala halikuwa tope jingi. Alikwangua mpaka kijiti kikavunjika, akatafuta kingine. Nilimwangalia mikono, kisha nikaacha kumwangalia. Sikujua jina la mwanamke yeyote wa Kikambala, wala sikulitaka. Nilichojua ni kwamba mume wangu anaamini kwamba mtoto ana chirwa, na anaamini kwa sababu zake, na kwa sababu hizo mbuzi angechinjwa mara tatu kama ingewezekana, na mimi ndiye niliyekuwa nikiulizwa naenda bombani na nani.

Ningeweza kupiga kelele uwanjani. Nilifikiri nitasema nini. Kwamba mume wangu alikubali upesi? Hilo si neno la kumweleza mtu.

Asubuhi ya Jumapili mzee Menza alifika jua likiwa bado chini. Niliwaomba jambo moja tu. Nikasema, "Nimkamue kwanza." Bavyaa akamtazama mganga, mganga akasema, "Kamua, mwanangu. Maziwa sina kazi nayo."

Nilimkamua nikichukua muda wangu. Alikuwa amezoea, alisimama akitafuna, akanipumulia shingoni. Nilipofikiri yamekwisha nikaanza tena, nikapata kidogo zaidi, nikaanza tena. Yalifika vikombe viwili na kitu juu yake. Nilimfungua kamba mwenyewe, kwa kuwa kwa mtu mwingine angegoma, na mimi sikutaka avutwe. Alinifuata mpaka uwanjani akidhani ni chumvi.

"Taireni," mzee Menza akasema, salamu ya kuanzia dawa.

"Za Mulungu," watu wakaitika.

Kahindi ndiye aliyechinja. Alikuwa ameamriwa na baba yake, na kabla ya kuinama aliniambia kwa sauti ndogo, "Nisamehe, shemeji." Tulikalishwa watatu juu ya mkeka, Thoya kulia, mimi kushoto, Kadii katikati akiwa uchi. Tukanyunyizwa maji ya majani yaliyotiwa damu, kichwani, kifuani na miguuni. Yalikuwa baridi. Thoya alifunga macho na midomo yake ikitikisika, na sijapata kumwona akiomba vile hata kanisani. Mimi sikufunga macho. Niliwaona waliokuwa wakichuna walivyofika kwenye kiwele, kisu kikapita, na maziwa yakatoka tena, kidogo, yakashuka juu ya majani ya mgomba. Nilikuwa nimeyaacha yale. Sikujua bado yapo.

Nyama yake ilikuwa ya mganga na ya wazee. Sisi watatu tulikatazwa kuila, kwa kuwa mtu akila mbuzi wa dawa yake aivunja dawa. Mavyaa alikula kipande kidogo akilia na kucheka. Jioni Thoya akapanda basi kurudi Kikambala, mwepesi, kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Alimbusu mtoto. Mimi aliniambia, "Nitatafuta mbuzi mwingine." Nikamwambia sawa.

Nilibaki na maziwa yale ya vikombe viwili na kitu. Maziwa hayakai kwetu, joto lile. Ukitaka yalale lazima uyachemshe asubuhi na uyachemshe jioni. Niliyachemsha. Jumapili nilimpa Kadii nusu kikombe. Jumatatu nilimpa nusu kikombe. Lakini kila nikichemsha yanapungua, hata bila kumpa mtu. Moto nao ulikuwa ukinywa sehemu yake. Nikipunguza kuchemsha yataharibika, nikichemsha yataisha. Nilikaa mbele ya sufuria nimeshika kifuniko. Utando wa juu nilimlambisha kwa kidole.

Jumanne asubuhi yalikuwa ya vijiko vinne, yamekuwa mazito, rangi kama ya ufuta. Nilimpa yote. Akamaliza, akatazama kikombe ndani, akanitazama mimi. Nikaweka maji ya uji jikoni, nikachukua ule unga wa manjano.

Kadii hakungoja uji. Alikunja uso, akafungua mdomo, akalia. Si ile pumzi tu aliyokuwa akiitoa zamani. Alilia kwa sauti, akipiga mkeka kwa visigino, machozi yakimtoka, kama anavyolia mtoto anayejua anachotaka na anayejua kwamba jana kilikuwepo.

Mavyaa alikuja mbio kutoka uwanjani, jembe bado mkononi. Alisimama mlangoni akasikiliza, na uso wake wote ukafunguka.

"Msikie," akasema. "Msikie mjukuu wangu anavyolia. Tangu lini mtoto huyu hajalia hivi? Mzee Masha, njoo usikie. Si nilikuambia?" Akamwinua Kadii juu, akamzungusha, Kadii akiendelea kulia na kunyoosha mikono upande wangu. "Lia, mama. Lia. Dawa imeshika."

Bavyaa naye akaja, akasimama nyuma yake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mavyaa akanigeukia. "Nawe ulikuwa ukimlilia mbuzi," akaniambia, bila kinyongo, kama mtu anayesamehe.

Nikasema, "Ndiyo, mama." Maji yalikuwa yamechemka. Nikatia unga, nikakoroga.